Ushauri: Nafuma masweta Mbeya, nishike mtandao upi na upi niuache?

MfumajiMwanjelwa

Habari za jioni wanajamvi, na wakubwa zangu shikamooni.

Nafuma masweta kwa mashine hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nina mashine mbili na binti mmoja ninayesaidiana naye. Kazi kubwa ni masweta ya shule, halafu ya watoto wachanga, kofia na soksi. Wenyeji wa huku mnaijua baridi ya Juni na Julai, kwa hiyo uhitaji upo. Shida ni kwamba wateja wangu karibu wote ni wa kupita mlangoni au walioelekezwa na wenzao. Mwaka huu nataka nianze kutangaza mtandaoni kwa mpangilio.

Sasa kila ninayemuuliza ananiambia lake. Mdogo wangu aliyeko chuo anasema TikTok tu. Jirani yangu wa vitenge anasema Instagram ndiko waliko wenye hela. Mwingine Facebook. Nikisema nishike yote nitashinda kwenye simu huku mashine zimelala, na bando nanunua mwenyewe. Simu yangu ni ya kawaida, ila kamera yake inapiga vizuri.

Hela ya tangazo ninayoweza kutenga haizidi elfu hamsini kwa mwezi. Kwa biashara hii na kwa mkoa huu, nianze na upi? Wenye uzoefu nisaidieni tafadhali.

MzeeWaUyole

Marahaba binti. WhatsApp Business kwanza. Mengine yafuate.

DukaKabwe

Dada, kabla ya kuchagua mtandao tuambie anayetoa hela ni nani. Mkuu wa shule anayeagiza za shule nzima, mzazi anayenunua moja, au mama mwenye kichanga? Hao hawakai sehemu moja.

MfumajiMwanjelwa

Asante kaka. Mzazi ndiye mkubwa. Januari ni wa darasa la kwanza na kidato cha kwanza, wengi wa hapa mjini, Mbalizi na Tukuyu. Julai ni kidato cha tano, na hao wanatoka mbali: Dar, Morogoro, Tanga. Mtoto amepangiwa shule ya huku, fomu ya kujiunga imeandika sweta la rangi fulani, mzazi hajui pa kulipata. Wengine wananunua siku ileile wanayomleta mtoto, mbio mbio, wakikosa saizi wanaondoka hivyo hivyo. Oda ya jumla ya shule ninayo moja tu.

DukaKabwe

Sasa tunaongea. Mteja wako wa Januari na wa Julai ni watu wawili tofauti, ndiyo maana kila mtu anakupa jibu lake na wote wanaweza kuwa sahihi.

Wa Januari yuko karibu na pengine ameshawahi kupita dukani kwako. Unachotaka kwake ni akukumbuke siku fomu ikimfika mkononi. Huyo ni wa WhatsApp Business. Programu ni ya bure, na ukiwa na laini mbili unaweza kuiweka pamoja na WhatsApp yako ya kawaida kwenye simu moja, ya nyumbani ikabaki ya nyumbani. Weka jina la duka, mahali ulipo na saa za kufungua. Halafu ingia kwenye katalogi, kila sweta liwe na picha yake, rangi, saizi na bei. Mtu akiuliza "una la kijivu la miaka kumi?" unamtumia bidhaa ile moja, huanzi kupekua picha kwenye simu. Lebo nazo usizidharau: aliyelipa kianzio, anayesubiri kufumiwa, aliyechukua. Januari bila lebo utampa mtu sweta la mwenzake.

Kuna jambo la namba ambalo wafanyabiashara wengi wa hapa mjini hawalijui. Status yako haimfikii kila uliyewahi kuchati naye. Inataka yeye awe amehifadhi namba yako na wewe uwe umehifadhi yake. Brodikasti ndiyo kabisa: orodha moja inabeba watu 256, na asiyekuwa na namba yako kwenye simu yake ujumbe haumfikii. Kwa hiyo mteja akiwa bado amesimama hapo anasubiri chenji, mwambie, "Mama, nihifadhi basi, andika Masweta Mwanjelwa." Wewe muhifadhi kwa jina, shule na darasa la mtoto. Mwezi wa kumi na mbili unafungua orodha yako, unamwandikia kila mmoja kwa jina la shule ya mwanawe kabla foleni ya Januari haijaanza. Hapo hujatoa hata senti ya tangazo.

Wa Julai hajawahi kukusikia. Kwa huyo mimi ningeshika Facebook. Wazazi wa kidato cha tano wengi ni watu wa miaka arobaini na kuendelea, na kwa ninavyoona dukani kwangu, rika hilo bado liko Facebook asubuhi na jioni.

VikapuIringa

Kamwene dada. Mimi niko Iringa, nauza vikapu vya milulu, vile wanavyosuka mama zetu wa Kihehe. Kaka DukaKabwe nakubaliana naye kwa WhatsApp, ila kwa wateja wa mbali usiiache TikTok.

Facebook ukurasa mpya unaonwa na marafiki zako na wachache wengine. TikTok inampelekea video yako mtu asiyekufuata kabisa, akiitazama mpaka mwisho inawapelekea na wengine. Na wewe una kitu cha kutazamwa! Mashine ya kufuma ikivutwa kwenda na kurudi, sweta linashuka mstari kwa mstari, watu hawaachi kuangalia. Weka simu juu ya kigoda, elekeza kwenye mikono, binti aendelee na kazi yake. Hakuna haja ya kucheza wala kuongea kwa madoido. Mwisho wa video onyesha sweta limekunjwa, taja bei kwa mdomo wako, sema uko Mbeya, na namba iandike kwenye video yenyewe. Usiwaambie watu "bei inbox". Mteja akishaona hivyo anajua utampima kwanza ndipo umtajie.

Instagram kwangu inalipa kwa sababu kikapu ni pambo, wanunuzi wangu ni watu wa kupamba nyumba na wageni wanaokwenda Ruaha. Sweta la shule sioni likiuzika huko. Ya watoto wachanga labda, yale ya zawadi. Kwa sasa ningeiacha.

KijanaMafiat

Na X je?

DukaKabwe

X ilizuiwa nchini Mei 2025. Na hata kabla ya hapo mzazi mwenye fomu ya kujiunga mkononi hakuwa anatafuta sweta huko.

MwalimuRungwe

Dada nakupongeza kwa kazi. Naomba niseme machache kama mwalimu.

La kwanza ni picha za wanafunzi. Naona wafanyabiashara wanawapiga watoto wakiwa na sare, sura inaonekana, nembo ya shule inaonekana, wanaposti. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na inahesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Mbali na sheria, picha ya namna hiyo inamwambia mtu yeyote mtoto huyu anasoma wapi. Valisha mwanasesere wa dukani, au litandaze juu ya meza. Ukitaka avae mtoto, awe wako au mzazi wake awe amekubali, na nembo iwe haionekani. Nembo yenyewe uwe umeongea na shule kabla ya kuitangaza.

La pili, magrupu ya wazazi. Kila darasa siku hizi lina grupu lake la WhatsApp, na najua utatamani kuingia. Usijipenyeze kwa namba ya rafiki na kumwaga matangazo, utatolewa siku hiyohiyo na jina la biashara litabaki baya. Nenda kwa mwalimu wa darasa au mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mpelekee sweta moja alishike, alivute, aone mishono. Akiridhika atalitangaza mwenyewe mara moja, na wazazi watamwamini yeye kuliko tangazo lako la kila siku.

MamaKimara

Mimi ni mzazi wa Dar. Mwanangu alipangiwa shule ya Njombe kidato cha tano, kwa hiyo ngoja niwaambie mama wa Dar anatafutaje, maana wote hapa mnaongea kama wauzaji.

Majina yalipotoka nilisoma fomu, sweta la rangi ya damu ya mzee, mikono mirefu, mawili. Kariakoo niliyaona, mepesi, ya kuvaa kwenye kiyoyozi. Nikaingia Google nikaandika "masweta ya shule Njombe". Zikaja picha za watu wa nchi nyingine. Nikaingia Facebook, nikapata kurasa mbili tatu. Moja posti yake ya mwisho ilikuwa ya zamani sana. Nyingine haina mahali, haina sura ya duka, picha zimechukuliwa kwa watu wengine, na anataka hela yote kwanza. Huyo nilimwogopa. Utapeli umetuumiza wengi, dada, mzazi wa mbali anaanza na hofu kabla ya kuuliza bei.

Niliyemlipa nilimlipa kwa nini? Picha ilionyesha mlango wa duka, kibao, na mama mwenyewe amekaa kwenye mashine. Nilipomwandikia alinijibu kwa sauti, nikasikia ni mtu. Nilipoweka lipa namba jina lililotokea ni lilelile la kwenye kibao. Alichukua nusu. Mzigo ulipopanda basi akanitumia picha ya risiti ya ofisi ya basi, ndipo nikamalizia.

Kwa hiyo kabla hujabishana na TikTok na Facebook, jiandikishe kwenye ramani ya Google kama biashara. Ni bure. Watataka uthibitisho, mara nyingi video fupi ya mlango, kibao na kazi inavyofanyika ndani, na hivyo vyote unavyo. Hata yule mzazi anayefika stendi ya Nane Nane na mtoto na begi, anafungua simu anaandika "masweta ya shule Mbeya". Uwe wewe unayetokea.

MfumajiMwanjelwa

Mama, Mungu akubariki. Hili la hofu ya mzazi sikuwa nimelifikiria kwa upande wake kabisa. Lipa namba yangu ina jina langu la kwenye kitambulisho na duka lina jina jingine. Kesho naanza na hapo.

Wakubwa, na ile elfu hamsini? Niitumie kila mwezi?

MatangazoMakambako

Usiitumie kila mwezi. Itunze, uimwage msimu.

Kubusti posti Februari ni kununua likes. Mzazi wa kidato cha tano ananunua kati ya siku majina yanapotangazwa na siku mtoto anaporipoti Julai. Wiki hizo ni chache. Tenga hela ya miezi minne mitano uiweke pale. Kwenye tangazo chagua Dar es Salaam na mikoa unayojua wanakotoka, umri kuanzia miaka 35, na mtu akibonyeza aangukie kwenye WhatsApp yako moja kwa moja. Usiache mfumo ukuchagulie nchi nzima na rika zote, utapata vijana wa kupenda picha wasio na mtoto wa kumvisha. Picha iandike kitu kama "Mwanao kapangiwa Mbeya? Sweta la fomu linapatikana." Yeye atajitambua.

Malipo ya tangazo yanataka kadi. Kama huna ya benki, kuna kadi ya Visa ya M-Pesa unaitengeneza kwenye simu, unaweka kiasi unachotaka kutumia tu.

Na TikTok ya dada wa Iringa naiunga mkono, ila ni ya kujenga jina polepole. Usiitegemee Julai hii.

VikapuIringa

Sawa kaka, ila aianze sasa. Akisubiri Julai ndipo aposti video ya kwanza itakuwa imechelewa. Video moja kwa wiki haimlazi njaa. Na ileile aipeleke Facebook na kwenye Status, asirekodi mara tatu.

MfumajiMwanjelwa

Basi nimepanga hivi. Wiki hii WhatsApp Business na katalogi, jina la lipa namba lifanane na kibao, na ramani ya Google. Facebook ukurasa mmoja kwa ajili ya wazazi wa mbali. TikTok atashika binti, yeye ndiye mwenye mkono mwepesi, video moja kwa wiki akiwa kazini. Instagram naiacha. Hela ya tangazo naiweka kibubu mpaka majina yatoke.

Swali la mwisho: rangi. Nikipiga picha ndani, damu ya mzee inatoka kama nyekundu, na bluu ya giza inakuwa nyeusi. Mzazi wa mbali nitamrudishia hela?

MamaKimara

Toka nje. Saa nne asubuhi, kivulini mlangoni, si juani wala chini ya taa. Weka kando ya sweta kitu ambacho kila mtu anakijua rangi yake, hata karatasi nyeupe ya fomu yenyewe. Na kabla hujafuma, mwombe mzazi akupigie picha ule ukurasa wa fomu unaotaja sare. Shule mbili zinaweza kuandika "bluu" na kila moja ikawa na yake.

MwalimuRungwe

Na kwa shule za huku karibu, omba kipande cha uzi au kitambaa cha sare kwa mtunza stoo, ukibandike kwenye daftari na jina la shule pembeni. Mzazi akitaja shule, wewe unafungua daftari. Ukipanga kuja Tukuyu niandikie faragha, nikuunganishe na shule tatu nne zenye bweni.