Ampli ya vali imeongezwa geini, besi imezidi mpaka sauti inakwama. Nianzie wapi kuipunguza?

solo_la_pili
Habari za humu wakuu. Nina hedi (ampli isiyo na spika ndani) ya vali, zile taa za kioo zinazokuza sauti, kopi ya Fender Bassman ile saketi ya 5F6-A, vali za 6L6 mbili mwisho na za 12AX7 huku mbele, naipigia kwenye kabineti ya spika mbili za inchi 12 iliyozibwa nyuma. Kabla haijafika kwangu kuna fundi alishaichokonoa, zile chaneli mbili kaziunganisha ziwe moja, ya kwanza inaisukuma ya pili, ili ipate geini, yaani ukuzaji mwingi unaokwaruza sauti, ya kupigia roki. Geini kweli ipo ya kutosha ila sasa besi ndo shida. Nikiweka geini nusu nikapiga kodi ya E ya chini sauti inatoka nzito kama tope, inakwama kwanza ndo inafunguka baadaye, na nikiziba nyuzi na kiganja nipige haraka haraka mapigo hayasikiki, ni mvumo tu. Kinachonichanganya zaidi ni kwamba nikishusha kitasa cha besi mpaka sifuri sauti inakuwa nyembamba lakini ule mkwamo uko palepale. Kliini kwa volyumu ndogo haina shida kabisa, hata solo za rumba zinatoka tamu. Gita lina pikapu mbili za hambaka.

Nimeifungua nikasoma vilivyomo. Stegi (hatua ya kukuza sauti) ya kwanza na ya pili zote risista ya pleti, mguu wa vali unaotoa sauti, ni 100k, ya kathodi, mguu wa kwenda ardhini, ni 1.5k na kapasita ya 25uF, kati yao kuna kapasita ya 0.1uF na gridi, mguu unaopokea sauti, ya stegi ya pili ina risista ya 1M kwenda ardhini. Kutoka hapo kwenda mbele ni 0.02uF. Soldagani naiweza vizuri, mahesabu ndo kidogo. Nibadilishe nini jamani?

mkono_wa_shoto
Mkuu kabla hujashika soldagani fanya jambo moja rahisi. Kama una pedali ya EQ, ile ya kupunguza au kuongeza besi, midi na trebo, au azima kwa mtu, iweke kati ya gita na ampli, kata 100Hz na 200Hz ushushe sana halafu piga ile ile kodi ya E kwa geini ile ile. Mkwamo ukiisha ujue besi inatakiwa ipunguzwe mwanzoni huko kabla sauti haijaanza kukwaruza, na hapo ushapata jibu lako bila kufungua kitu. Usipoisha basi tafuta kwenye spika au kwenye nguvu. Ndo maana wapigaji wengi wa metali huweka Tube Screamer, pedali ya kukwaruza sauti, mbele ya ampli yenye geini kubwa halafu kitasa cha draivu wanakiacha chini kabisa, ile pedali sehemu yake ya geini inaanza kupunguza chochote kilicho chini ya kama 720Hz, kwa hiyo ampli inaletewa sauti iliyobana.

gita_na_vali
Mi naona angalia kapasita kubwa za nguvu kwanza, zikizeeka besi inalegea. Na kabineti iliyozibwa nyuma nayo inaongeza besi, jaribu ya wazi.

fundi_kathodi
Ndugu yangu hapo juu, kapasita za nguvu zikichoka kwa kawaida unaanza kusikia mvumo wa umeme hata bila kupiga kitu, na noti za juu zinakuwa na kivuli cha noti nyingine chini yake. Mwenzetu kasema kliini iko safi. Sizikatai, azipime, ila dalili alizotaja zinaonyesha kwingine kabisa.

Muuliza swali nikueleze kwa nini kitasa cha besi hakikusaidii, maana ukishaelewa hilo mengine utayapanga mwenyewe. Kwenye 5F6-A saketi ya toni iko nyuma ya stegi za mbele. Sauti yako inakwaruzwa kwanza ndo inafika kwenye kitasa cha besi, sasa pale unachopunguza ni besi ya sauti iliyokwisha kuvurugika. Vurugu yenyewe haiondoki, inabaki kwenye midi na trebo, ndo ule wembamba unaousikia. Besi ikatwe KABLA ya kukwaruza, ile ya kunenepesha sauti utairudisha baadaye kwa kitasa.

Sasa tazama namba zako. Kapasita ya kathodi 25uF na 1.5k zinaanza kukuza kwa nguvu zote kuanzia kama 4Hz. Uzi wa E wa chini wa gita ni 82Hz. Maana yake stegi zote mbili zinakuza kwa nguvu zote vitu ambavyo gita halina hata kazi navyo, mkono ukigonga bodi, nyuzi zikigusa pikapu, vyote vinapanda. Ukiweka 1uF pale inaanzia kama 106Hz, ukiweka 0.68uF inakuwa kama 156Hz. Na usiogope kwamba besi itapotea yote, kwa 12AX7 yenye 100k na 1.5k tofauti ya kuwa na hiyo kapasita na kutokuwa nayo ni kama desibeli 6 tu, kwa hiyo unachofanya ni kushusha ngazi moja, hufungi mlango. Marshall wenyewe walianza kwa kunakili hii hii Bassman, JTM45 ya kwanza mwaka 1962 pale London, na walipotaka sauti kali ya gita baadaye walihamia 2.7k na 0.68uF kwenye chaneli ya kung'aa. Hiyo inaanzia kama 87Hz, na hadi kwenye ampli yao ya JCM800 stegi ya kwanza bado ni hiyo hiyo.

Lakini mkwamo wako mimi naulaumu zaidi kwenye ile 0.1uF. Ukipiga kwa nguvu, stegi ya kwanza inatoa sauti kubwa mno, gridi ya stegi ya pili inavuka kuwa chanya kuliko kathodi yake na inaanza kunyonya mkondo. Ule mkondo unaichaji kapasita. Ukiachia nyuzi, au pigo likishuka, chaji iliyojaa mle inaivuta gridi kuwa hasi sana, vali inajifunga, na haifunguki mpaka kapasita imalize kujitoa kupitia ile 1M. 0.1uF na 1M inachukua kama sekunde 0.1 hivi, kwa mpigo wa haraka hiyo ni milele, noti inayofuata inakuta vali bado imefunga. Ndo ule mkwamo halafu inafunguka. Badilisha iwe 4.7nF (yaani 0.0047uF), muda unashuka mpaka chini ya milisekunde 5, na papo hapo besi inaanza kukatwa kwenye 34Hz. Ukitaka ikaze zaidi weka 2.2nF, hapo ni 72Hz. Halafu ongeza risista ya 470k mfululizo kabla ya gridi ya stegi ya pili, karibu kabisa na pini ya soketi, itazuia gridi isinyonye ovyo. Trebo itapungua kidogo, ikikukera shusha mpaka 220k.

Anza na ile 0.1uF peke yake, sikiliza, ndo uende kathodi ya kwanza, sikiliza tena. Ukibadilisha vyote pamoja hutojua kipi kimefanya nini. Za mbele huko usiziguse, 0.02uF pale hazina kosa.

mkono_wa_shoto
Fundi kamaliza. Naongeza la kupatia vifaa, hizo kapasita ndogo za filamu utazipata kwenye bodi za TV za chogo, nyingi ni za volti 400 mpaka 630 na ndo unazotaka kwa nafasi ile maana upande mmoja unakaa kwenye pleti. Ila ya kuokota ipime kwanza, ukishaifunga weka mita kwenye DC upande wa gridi ampli ikiwa imewaka na gita halipigwi, isome karibu na sifuri. Ikionyesha volti kadhaa inavuja, itupe. Za kathodi hazihitaji volti kubwa, ya 25V au 50V inatosha, 1uF ya filamu haina hata upande wa chanya na hasi.

Na tafadhali kaka, hiyo saketi inabeba volti 400 na zaidi na hata ukichomoa plagi kapasita kubwa zinabaki zimejaa. Zimwage kwa risista kubwa ya wati kadhaa, halafu hakikisha kwa mita kwamba zimeshuka, ndo uingize mkono. Spika isichomolewe ampli ikiwa inapiga, transfoma ya mwisho inaweza kuungua.

gita_na_vali
Sawa fundi nimekuelewa, hilo la gridi kunyonya sikulijua. Swali langu, kwa nini asirudishe tu 12AY7 pale mwanzo? Bassman yenyewe ilikuja nayo.

fundi_kathodi
Anaweza, na ni kweli 5F6-A ilitoka na 12AY7 pale mbele, ukuzaji wake ni kama 44 wakati 12AX7 ni 100. Mkwamo utapungua kwa sababu stegi ya pili haitasukumwa sana. Lakini geini ndo aliyoitafuta, ataipoteza pamoja na besi. Ni ya kujaribu kama anayo mkononi, inachomekwa tu hakuna cha kusoldia.

solo_la_pili
Asanteni sana wakuu, nimerudi na majibu. EQ nimeazima kwa mpiga gita wa kwaya, nikakata chini na mkwamo ukaisha hapo hapo, kwa hiyo nikajua njia ni hiyo. Nimeweka 4.7nF na 470k ya gridi, jamani ni ampli nyingine, mapigo ya kiganja yanakatika moja moja na kodi ya E unasikia kila uzi. Kisha nimeweka 1uF kathodi ya kwanza, ikakaza zaidi na sasa kitasa cha besi nakiweka hata 6 na sauti inanenepa bila kuvurugika. Ya stegi ya pili nimeiacha 25uF naona haina neno.

Kitu kimoja tu, kwa rumba kliini ile 25uF ya kwanza ilikuwa na utamu wake, nikipiga ridhim sasa naona imepungua mwili. Naweza kuweka swichi ya kubadilisha?

fundi_kathodi
Unaweza na ni rahisi. Ile 1uF iache imefungwa muda wote, halafu 25uF iweke sambamba nayo ikipitia swichi, hasi yake upande wa ardhi. Miguu miwili ya swichi uiunganishe kwa risista ya 1M ili ile 25uF ibaki na chaji hata ikiwa imezimwa, bila hivyo kila ukibonyeza utasikia pop kubwa kwenye spika. Waya ziwe fupi, swichi ikae karibu na vali ya kwanza, ukiipeleka paneli ya nyuma itaokota mvumo.