Ushauri: CRP ya mama imesoma 6.4, nimnunulie hizi dawa za kusafisha mwili?

Kachori wa Ngamiani
Wakuu habari za jioni. Bi mkubwa yuko Tanga, ana miaka 61, presha na sukari anazo kitambo, na kitambi kipo. Magoti yanamsumbua, kwa hiyo kila asubuhi anameza diklofenaki ya duka la dawa, bila cheti. Juzi kapimwa CRP, kile kipimo cha damu cha inflamesheni (kinga kuwaka mwilini), ikasoma 6.4. Daktari akamwambia mwilini kuna inflamesheni ya chinichini, arudi tena, lakini foleni imemchosha na hataki kusikia. Sasa jirani yake kamletea maboksi ya virutubisho: eti inflamesheni ndiyo inayozeesha watu na ndiyo chanzo cha kila ugonjwa. Dozi ni laki nne na nusu. Hela ya kikundi ninayo mkononi. Nitoe?

Mpima Damu
Usitoe. Niko maabara, hicho kipimo nakifanya kila siku. CRP inatengenezwa na ini pale kinga inapoamka. Ni moshi juu ya paa: moto upo, chumba hukijui. Ukipima ile hs-CRP, yaani CRP inayopimwa kwa usahihi zaidi, kuangalia hatari ya moyo, chini ya 1 ni nzuri, 1 hadi 3 wastani, zaidi ya 3 hatari imepanda. Ikipita 10, tafuta kwanza maambukizi ya kawaida. Siku ile hakuwa na mafua au UTI? Arudie baada ya wiki mbili akiwa mzima.

Shangazi Mbishi
Jirani hajadanganya yote, ndiyo maana wanauza. Tangu mwaka 2000 Mtaliano Claudio Franceschi na wenzake wameeleza kwamba kinga ya mzee hubaki imewaka kidogokidogo hata pasipo mdudu wa kupigana naye. Na 2017 yalitoka majibu ya jaribio la CANTOS: watu 10,061 waliowahi kupata shambulio la moyo na CRP zao ziko juu. Waliochomwa kanakinumabu dozi ya miligramu 150, dawa inayozima inflamesheni bila kugusa kolesteroli, matatizo ya moyo yalipungua kwa 15%. Ila waliokufa kwa maambukizi nao waliongezeka. Sasa hayo maboksi yakizima kinga kweli, mimi naogopa. Yasipozima, hela imeliwa.

Afya Asilia Tz
Njoo PM mkuu, bidhaa ni mimea mitupu, haina madhara.

Shangazi Mbishi
Weka usajili wake hapahapa, PM ya kazi gani?

Dirisha la Dawa
Mbona wote mmekimbilia CRP? Mimi kilichonishtua ni diklofenaki ya kila asubuhi. Dawa zake za presha ni zipi?

Kachori wa Ngamiani
Losatani, na ile ya kukojosha.

Dirisha la Dawa
Basi hapo ndipo penye dharura. Hizo tatu kwa pamoja zinaweza kuangusha figo, tena za mtu mwenye sukari. Diklofenaki yenyewe inapandisha presha, na ukiimeza muda mrefu hatari ya shambulio la moyo inaongezeka. Na hiyo inflamesheni ya chinichini haiitibu, inatuliza goti tu. Kesho asiimeze, losatani asiiache. Kwa maumivu aanze na parasetamo, na wiki hii hii apime figo: kreatinini kwenye damu na protini kwenye mkojo, amwonyeshe daktari.

Chanzo cha CRP nacho kitafutwe. Mafuta ya tumboni yanamwaga IL-6, kemikali ya kuamsha inflamesheni, na hiyo ndiyo inayoliamuru ini litoe CRP, kwa hiyo kitambi kikipungua nayo hushuka. Fizi zake zikoje?

Kachori wa Ngamiani
Zinatoka damu akipiga mswaki. Anasema uzee.

Dirisha la Dawa
Uzee hautoi damu kwenye fizi. Huo ni ugonjwa, na kwa mwenye sukari unachochea sukari ipande, nayo ikipanda fizi zinazidi. Mpeleke kwa daktari wa meno zikasafishwe.

Kachori wa Ngamiani
Sawa mkuu. Maboksi nayarudisha, jirani atanuna siku mbili. Kreatinini anapima kabla ya kula?

Mpima Damu
Si lazima. Ila usiku wa kuamkia kipimo asile nyama, inaweza kupandisha majibu.