Amplifaya ya valvu ya Dynaco iliyokaa miaka mingi bila umeme: nianzie wapi?

Mpenda Santuri (Columbus, Ohio, Marekani)

Ndugu zangu, naomba ushauri kabla sijaharibu kitu ambacho sitakipata tena kwa urahisi. Mwezi uliopita nilinunua amplifaya ya Dynaco Stereo 70 katika nyumba moja hapa Columbus, ambako watoto walikuwa wakiuza vyombo vya marehemu baba yao. Waliniambia kwamba haijawashwa tangu miaka ya 1980. Valvu (taa za kioo zinazokuza sauti) zote saba zimo: EL34 nne za kusukuma spika, 7199 mbili za kukuza sauti kabla ya hizo, na GZ34 moja ya kugeuza umeme wa ukutani uende upande mmoja. Mashine hizi zilipoanza kuuzwa mwaka 1959, wanunuzi wengi walizichukua zikiwa vipande na kuziunganisha wenyewe nyumbani, na nilipofungua kifuniko cha chini niliona kwamba aliyeunganisha hii alikuwa mtu makini: kila waya umekunjwa vizuri, na kila tone la lehemu linang'aa.

Nina santuri za muziki wa dansi alizoniachia baba yangu, na nia yangu ni kuzisikiliza kwa chombo cha enzi zake. Je, niichomeke tu nione kama inafanya kazi? Na je, siku moja nitaweza kuitumia nikirudi Morogoro?

Fundi Mstaafu (Arusha)

Mwanangu, usiichomeke. Nimetengeneza redio za valvu tangu ujana wangu, na nimeona transfoma nyingi nzuri zikiungua kwa sababu mwenye mali alitaka "kuona tu". Kapasita, yaani vipande vinavyohifadhi chaji, zile kubwa za kuchuja umeme zina maji ya dawa ndani yake, na zikikaa miongo bila kazi hudhoofika. Ukizipa zaidi ya volti 400 kwa mara moja huvujisha umeme, hupata joto, na mzigo wote huangukia transfoma kuu. Kapasita unaweza kuinunua leo na kesho ukaifunga, lakini thamani ya Dynaco imo katika transfoma zake tatu, yaani ile kuu na mbili za kutolea sauti. Hizo ndizo unazozilinda.

Tengeneza kwanza kifaa cha majaribio: balbu ya zamani ya waya, ya wati 60 au 100, iliyounganishwa kwa mfuatano na waya wa umeme. Chomoa valvu zote, washa kupitia balbu hiyo, kisha itazame. Ikiwaka kidogo sana au isiwake kabisa, transfoma kuu huenda ni nzima. Ikiwaka kwa mwanga mkali na kubaki hivyo, zima mara moja, maana kuna mahali umeme unapita njia ya mkato. Wapo watakaokushauri upandishe volti polepole kwa siku nzima ili kuziamsha kapasita. Katika mashine hii ushauri huo haufai sana, kwa sababu GZ34 haipitishi kitu mpaka waya wake wa ndani upate moto, na ikishapata moto huachilia volti nyingi kwa pamoja.

Tena, usiguse chochote ndani kabla ya kupima kapasita kwa mita, hata kama umeme umezimwa, kwa sababu huweza kubaki na chaji ya kuua. Itoe chaji hiyo kupitia rezista iliyoshikwa kwa koleo lenye mpini wa plastiki, usitumie bisibisi.

Kuhusu Morogoro, mashine imetengenezwa kwa volti 117, kwa hiyo itahitaji transfoma ya kushusha umeme wetu wa 230. Chagua kubwa kuliko mahitaji, kisha pima joto la transfoma ya Dynaco yenyewe, kwa sababu umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde huipasha zaidi kuliko ule wa mizunguko 60 wa huko uliko.

Msikilizaji wa Mombasa

Shikamoo mzee. Naongeza jambo moja ambalo wengi hulisahau. Volti hasi inayozituliza EL34 hupitia kipande kidogo cha seleni kinachopitisha umeme upande mmoja tu, na kikizeeka volti hiyo hupungua, valvu hupitisha umeme kupita kiasi na bamba lake la ndani hugeuka jekundu. Kaka, badilisha seleni hiyo kwa daiodi ya kisasa pamoja na kapasita zake mbili ndogo, na zile kapasita nne za mikrofaradi 0.1 zinazopeleka sauti kwenye EL34. Baadaye rekebisha kila upande mpaka mita isome volti 1.56 kwenye soketi za mbele, yaani mili-ampea 50 kwa kila EL34. Usiwashe kamwe bila spika kuunganishwa.

Najua wapo wanaosema kubadilisha vipande ni kuiua historia ya chombo. Sikubaliani nao, ila vile vya zamani vihifadhi ndani ya bahasha, kila kimoja na jina lake. Valvu za 7199 zitunze, kwa kuwa ni adimu kuliko EL34.

Mpenda Santuri

Ahsanteni sana, shikamoo mzee. Zimepita wiki tatu. Balbu haikuwaka kwa mwanga mkali, hivyo transfoma kuu imepona. Nilibadilisha kapasita zote mlizozitaja, na moja kati ya zile nne ilikuwa ikivujisha volti kadhaa kuelekea EL34. Seleni imo ndani ya bahasha. Upande wa kushoto ulikubali 1.56 mara moja. Wa kulia ulikuwa ukipandapanda mpaka nilipokaza miguu ya soketi moja iliyolegea.

Jana usiku niliweka santuri ya kwanza. Kuna mvumo mdogo nikiweka sikio karibu na spika ya kulia, na kesho nitafuatilia waya wa ardhi wa upande huo.