Rangi za mikanda ya Goju-ryu zilipangwa na nani?

Kijani_Mwanza aliandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu. Ninafanya karate ya mtindo wa Goju-ryu na nina mkanda wa kijani niliopewa katika klabu yangu ya zamani nilipokuwa nikiishi Mwanza. Baada ya kuhamia Dar es Salaam kikazi nilitafuta dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, nyingine ya mtindo huohuo. Nilipokewa kwa heshima, lakini sensei wa hapo, baada ya kunitazama nikifanya mazoezi, aliniomba nifunge mkanda mweupe mpaka atakaponipima upya. Hakunikaripia wala hakuidharau klabu yangu. Alisema tu kwamba kijani cha kwao si kijani cha nilikotoka.

Maelezo hayo yamenichanganya. Nilidhani Goju-ryu ni moja, kwamba mwasisi wake ndiye aliyeweka ngazi za mikanda, na kwamba cheti kilichotolewa katika mji mmoja kinatambulika kila mahali. Ninaomba wenye ujuzi wanieleze mtindo huu ulianzaje, nani aliyepanga mikanda yake, na kama kipo chombo chochote kinachoweza kusema kwamba mkanda fulani ni halali na mwingine si halali.

Mkongwe_Upanga alijibu:

Ndugu yangu, karibu Dar es Salaam. Nitatanguliza jibu: mwasisi wa Goju-ryu hakupanga rangi hata moja ya mkanda, wala hakuwahi kumpa mwanafunzi wake yeyote daraja la dan, yaani ngazi za mkanda mweusi. Ngazi ulizozipanda Mwanza, na hizo unazoziona sasa, zote zilipangwa na watu waliomfuata, kila mmoja katika chama chake.

Mtindo wenyewe umetoka Naha, katika kisiwa cha Okinawa. Kisiwa hicho kilikuwa kitovu cha ufalme wa Ryukyu mpaka Japani ilipoufuta mwaka 1879 na kuufanya mkoa wake. Kwa karne nyingi ufalme huo ulifanya biashara na China kupitia mji wa Fuzhou, jimboni Fujian, na ndiko alikokwenda kijana wa Naha aitwaye Higaonna Kanryo (1853–1915) kujifunza mapigano kwa bwana anayekumbukwa Okinawa kwa jina la Ryu Ryu Ko. Higaonna alirudi nyumbani katika miaka ya 1880, na mafunzo yake yakajulikana baadaye kuwa Naha-te, ili yasichanganywe na yale ya miji ya Shuri na Tomari. Jina lake linapotajwa, hutajwa pamoja na Sanchin, kata (yaani mfululizo wa miondoko iliyopangwa) fupi ya kupumua, kukaza mwili na kukita miguu chini, ambayo mwanafunzi aliweza kuirudia kwa miaka kabla ya kuonyeshwa nyingine.

Mwaka 1902 alimpokea mvulana wa miaka 14, Miyagi Chojun, aliyezaliwa mwaka 1888 katika familia yenye uwezo. Miyagi ndiye mwasisi tunayemtaja leo. Mwalimu wake alipofariki mwaka 1915, naye alikwenda Fuzhou kutafuta mizizi ya yale aliyofundishwa, na mwaka 1921 alitunga Tensho, kata inayofanana na Sanchin kwa pumzi lakini yenye mikono laini inayozunguka. Jina la mtindo lilikuja baadaye, na lilikuja kwa kubanwa: mwaka 1930 mwanafunzi wake mkuu, Shinzato Jin'an, alifanya maonyesho Tokyo, akaulizwa yeye ni wa mtindo gani, akakosa jibu la uhakika. Aliporudi Okinawa na kumweleza mwalimu wake, Miyagi alichukua maneno ya Bubishi, maandiko ya Kichina yaliyokuwa yakinakiliwa kwa mkono na mabwana wa Okinawa, yasemayo kwamba kuvuta na kutoa pumzi kuna ugumu na ulaini. Hayo ndiyo “go” na “ju”. Mwaka 1933 jina hilo liliandikishwa katika Dai Nippon Butokukai, taasisi ya Kyoto iliyosimamia sanaa za mapigano za Japani.

Sasa mikanda. Mfumo wa dan haukuzaliwa katika karate. Ulitoka katika judo. Kano Jigoro alianzisha Kodokan, shule yake ya judo, mwaka 1882, na mwaka uliofuata akawapa wanafunzi wake wawili, Saigo Shiro na Tomita Tsunejiro, daraja la kwanza la dan. Mkanda mweusi ulifuata baada ya miaka michache. Karate iliazima utaratibu huo ilipoingia Japani bara, na mtu wa kwanza kuutumia alikuwa Funakoshi Gichin, naye pia mtu wa Okinawa, aliyetoa madaraja ya kwanza ya dan mwezi wa Aprili mwaka 1924, jijini Tokyo. Miyagi aliyaona yote hayo na hakuyafuata. Alikubali cheo cha kyoshi kutoka Butokukai mwaka 1937, maana hicho kilikuwa heshima kwa mwalimu, lakini wanafunzi wake walikumbuka kwamba aliona dan zitawafanya watu wapimwe kwa daraja badala ya tabia. Shinzato, ambaye wengi walidhani ndiye atakayerithi, aliuawa katika vita vya Okinawa mwaka 1945, na Miyagi mwenyewe alifariki tarehe 8 Oktoba 1953. Aliacha kata na wanafunzi. Orodha ya madaraja hakuiacha.

Kwa hiyo sensei wako mpya hakukosea. Huenda angeweza kukueleza kwa maneno mengi zaidi, hilo nakubali.

Obi_Nyeusi alijibu:

Mimi nilifundishwa kwamba zamani kulikuwa na mkanda mmoja tu mweupe, nao ulikuwa haufuliwi, ukachafuka kwa jasho na udongo mpaka ukawa kahawia, hatimaye mweusi, na ndipo rangi zilipotokea. Je, hilo halihusiani na Goju-ryu?

Mkongwe_Upanga alijibu:

Halihusiani na mtindo wowote. Mkanda mweusi ulianzishwa Kodokan kwa makusudi, kama alama, katika miaka ya 1880, na mtu aliufunga siku aliyopandishwa daraja. Rangi za katikati, yaani njano, chungwa, kijani na buluu, ni za karibuni zaidi: zilienea Ulaya kupitia judo, hasa Paris, ambako Kawaishi Mikonosuke alifundisha kuanzia miaka ya 1930. Kisa cha uchafu kinapendeza kukisimulia baada ya mazoezi, lakini ninawasihi walimu waache kukifundisha kama historia.

Mlezi_wa_Chipukizi alijibu:

Ninashukuru kwa maelezo ya Mkongwe, ila ninaona yameelemea upande mmoja. Mimi ninafundisha watoto. Ukimwambia mtoto wa miaka minane kwamba Miyagi alifundisha bila mikanda, naye afanye Sanchin kwa miaka, hatarudi wiki ijayo, na mzazi wake hatakulaumu kwa jambo jingine ila hilo. Kyu, yaani ngazi za kabla ya mkanda mweusi, zinahesabiwa kwa kushuka, kwa kawaida kutoka ya 10 hadi ya 1, na kila moja inampa mtoto kitu kidogo cha kukamilisha: namna ya kusimama, ngumi za msingi, vizuizi, teke la mbele, kisha kata ya kwanza. Baada ya kyu ya kwanza, ambayo huwa mkanda wa kahawia, hesabu inageuka na kuanza kupanda kutoka dan ya kwanza hadi ya kumi. Dan ya kwanza, shodan, ni daraja la kuanzia, na wazazi wengi wanaodhani mtoto wao amehitimu akishafunga mkanda mweusi hushangaa wakiambiwa hivyo.

Tena Miyagi mwenyewe hakuwa adui wa kuwarahisishia wanaoanza. Karibu na mwaka 1940 alitunga Gekisai Dai Ichi na Gekisai Dai Ni kwa ajili ya kueneza karate kwa vijana, kwa sababu kata za zamani zilikuwa nzito mno kwao. Mtu aliyetunga ngazi ya chini ya kata angeweza kuielewa ngazi ya chini ya mikanda.

Ninachokikubali ni kwamba mitihani imekuwa mingi kupita kiasi katika baadhi ya klabu. Mkanda unapokuwa na mstari, na mstari unapokuwa na ada yake, mzazi ana haki ya kuuliza mtoto amejifunza nini kipya tangu mtihani uliopita.

Kijani_Mwanza aliandika:

Ninawashukuru nyote. Niongeze jambo ambalo pengine litasaidia. Katika klabu yangu ya zamani tulianza na kata za Taikyoku, za juu, za kati na za chini, kisha Gekisai Dai Ichi, na muda mwingi tulipigana kwa uhuru wawili wawili. Huku nilipo hakuna anayefanya Taikyoku. Wanaanza na mazoezi marefu ya kupasha mwili, wananyanyua kitu chenye mpini wa mbao na uzito wa zege upande mmoja, wanabeba mitungi kwa ncha za vidole, kisha Sanchin. Mimi Sanchin nilikuwa nimeiona tu, sikuwahi kufundishwa.

Mkongwe_Upanga alijibu:

Hapo umejibu swali lako mwenyewe, na kwa maelezo hayo ninaweza kukutajia ukoo wako bila kuuliza jina la klabu.

Yamaguchi Gogen, Mjapani aliyejifunza kwa Miyagi, ndiye aliyeieneza Goju-ryu Japani bara, akianzia katika Chuo Kikuu cha Ritsumeikan, Kyoto, na mwaka 1950 akaunda chama kinachojulikana kama Goju-kai. Yeye na wenzake walikuza mapigano huru, na aliongeza kata za Taikyoku kwa wanaoanza. Popote unapokuta Taikyoku ndani ya Goju-ryu, mkono wa Yamaguchi umepita, ama moja kwa moja, ama kupitia wanafunzi wa wanafunzi wake.

Okinawa hali ilikuwa nyingine. Baada ya kifo cha Miyagi hapakuwa na mtu mmoja aliyekubaliwa na wote. Miyazato Ei'ichi, ofisa wa polisi aliyekuwa akimsaidia mwalimu, alijenga Jundokan mjini Naha katika nusu ya pili ya miaka ya 1950. Yagi Meitoku alikuwa na Meibukan, na mwaka 1963 familia ya Miyagi ikamkabidhi nguo ya mazoezi na mkanda wa marehemu, jambo ambalo wafuasi wake wanalihesabu kuwa ndilo urithi. Toguchi Seikichi alianzisha Shoreikan na kutunga mazoezi yake mwenyewe ya hatua kwa hatua. Higaonna Morio, aliyefanya mazoezi Jundokan, aliunda shirikisho lake la kimataifa mwaka 1979. Kila mmoja wa hawa aliweka mtaala wake wa kyu na dan. Wengine wanatumia nyeupe, kijani, kahawia na nyeusi tu. Wengine wana rangi saba. Wakuu wa vyama vingine hufunga mkanda wenye vipande vyekundu na vyeupe, na wapo walimu wa Okinawa wa dan za juu kabisa wanaofunga mweusi uleule uliochakaa.

Vyombo unavyovielezea, chi-ishi na mitungi ya nigiri-game, ni vya Okinawa, na dojo uliyopo inafuata njia hiyo. Kwao mtu hawezi kufunga kijani bila Sanchin, kwa sababu pumzi na msimamo wa kata zote zinazofuata umejengwa humo. Usilione jambo hilo kuwa adhabu.

Kuhusu chombo cha juu: Shirikisho la Dunia la Karate linaitambua Goju-ryu pamoja na Shotokan, Shito-ryu na Wado-ryu, lakini linasimamia mashindano, haliamui kijani chako kinahitaji kata gani. Hata uwanjani kwao washindani wa kumite, yaani mapigano, hufunga mkanda mwekundu au wa buluu ili waamuzi wawatofautishe, wala si kuonyesha daraja.

Mlezi_wa_Chipukizi alijibu:

Kwa upande wa vitendo, Ndugu Kijani, kitunze cheti chako cha zamani na umwonyeshe sensei. Kisha muombe akuandikie kata na mazoezi yanayotakiwa kwa kila kyu katika dojo yake. Kwa kawaida mpangilio wa kata ni Gekisai mbili, Saifa, Seiyunchin, Shisochin, Sanseru, Sepai, Kururunfa, Sesan na Suparinpei, huku Sanchin na Tensho zikifanywa sambamba, lakini mahali kila kata inapoangukia katika mikanda ndipo vyama vinapotofautiana. Ukishajua unakosa nini, utaona kwamba Gekisai Dai Ichi uliyonayo haikupotea. Itahitaji kurekebishwa misimamo na pumzi.

Kijani_Mwanza aliandika:

Nimezungumza na sensei jioni hii, naye amethibitisha kwamba mwalimu wa mwalimu wake alipitia Jundokan. Amenipa karatasi ya mtaala, na Sanchin iko juu kabisa ya ukurasa. Swali moja limebaki: nikirudi Mwanza likizo, je, nifunge mkanda gani katika klabu yangu ya zamani?

Mkongwe_Upanga alijibu:

Kule funga kijani. Walikupa wao, na kwa mtaala wao ulikistahili. Taikyoku usiziache; utaombwa uzifanye mbele ya wadogo zako.