Nalinganisha 3A yenye vishikwambi na 3B isiyo navyo, supavaiza kakataa

Mwanafunzi_Raskazone:
Wadau habari zenu. Nasoma masta ya elimu, utafiti naufanyia hapahapa Tanga mjini shule ya msingi, nataka 3A wajifunze kusoma kwa vishikwambi, 3B waendelee na kitabu na ubao, mwisho wa muhula nawapa mtihani mmoja. Supavaiza anasema dizaini haisimami na nadharia ya Vygotsky, yule mwanasaikolojia, nimeibandika tu. Fildi naanza karibuni, nisaidieni jamani.

Mwl_Muheza:
Mdogo wangu, supavaiza yuko sahihi kabisa. 3A nzima ina mwalimu mmoja, kwa hiyo hata wakiwa tisini wewe una madarasa mawili tu, na wakiongoza huwezi kujua ni kishikwambi au ni mwalimu wao anajituma au ni ule msisimko wa kitu kipya ambao baadaye unapoa. Clark, mtafiti wa elimu, aliliandika hili 1983, kwamba chombo hakifundishi, inayofundisha ni mbinu iliyomo. Mtafiti mwenzake Kozma akampinga miaka ya 90, wasome wote wawili.

BintiPangani:
Na hili lilishapita mkoani kwetu! Mashindano ya XPRIZE ya programu za tableti za kumfundisha mtoto kusoma, vijiji kama 170, watoto karibu 3,000, miezi 15, wakapimwa kabla na baada, 2019 zikashinda timu mbili, Kitkit School na onebillion. Pale walishindanisha programu kwa programu, siyo tableti na ubao.
Ningekuwa wewe ningewapa wote vishikwambi, watoto wagawanywe kwa kura ya bahati ndani ya darasa hilohilo, nusu wasome wawiliwawili, nusu kila mtu peke yake, vyumba tofauti wasisikilizane. Halafu sikiliza wanavyoelekezana, hapo ndipo Vygotsky anapoingia maana yeye anasema mtoto akiwa na anayemzidi kidogo anafika asipofika mwenyewe. Na pima kusoma kwa sauti, kabla na baada, mtihani mmoja wa mwisho haukwambii walianzia wapi.

Mwanafunzi_Raskazone:
Asante sana dada, hiyo ya kura ndani ya darasa moja imenifungua macho. Sasa nikiwarekodi sauti, na wazazi wengine hawajui kusoma, ridhaa naipataje?

Mwl_Muheza:
Pitia kwa mwalimu mkuu aitishe kikao cha wazazi, wasomee fomu taratibu, waulize maswali, anayekubali aweke dole gumba na shahidi asaini. Na mtoto naye umuulize, akikataa muache hata kama mzazi kakubali.