Wenye sonona na wasiwasi uliopitiliza: ulimpataje mtaalamu aliyekufaa? Tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Mdogo wangu wa kike ana miezi sasa halali. Moyo unamwenda mbio, mikono inakufa ganzi, anaona kama anakata roho. Moyo tumepima, mzima. Vidonda vya tumbo katibiwa, nafuu hakuna. Siku hizi hata kuoga mpaka abembelezwe. Daktari wa mwisho kasema ni wasiwasi na sonona (ile huzuni nzito isiyoisha), tutafute mtaalamu wa afya ya akili. Tuanzie kwa nani: daktari bingwa wa magonjwa ya akili, mwanasaikolojia au mshauri nasaha? Aliyepitia naomba aeleze yake mwenyewe: alianzia wapi, na nini kilimfanya abaki kwa huyo mtaalamu au aondoke. Tuko Dar.

Mama Pacha, Temeke
Pole sana ndugu yangu. Mimi nilianzia zahanati moja ya binafsi. Hata sijakaa vizuri kwenye kiti, nimeshaandikiwa diazepam, dawa ya kutuliza, na kuambiwa nipunguze mawazo. Usingizi niliupata, ila vidonge vikiisha hali inarudi na mwili unavidai. Wifi yangu ndiye aliyenishika mkono mpaka Muhimbili, idara ya afya ya akili.

Yule daktari aliuliza mpaka nikashangaa: nalalaje, nakulaje, hedhi, nilijifungua lini, kwetu kuna aliyewahi kuugua hivi, natumia kilevi gani, na kama nimewahi kutamani kufa. Akaagiza vipimo vya damu na vya tezi ya shingo, maana tezi ikizidisha kazi nayo huleta moyo kwenda mbio na kukosa usingizi. Majibu yalipotoka salama ndipo akanianzishia fluoxetine, dawa ya sonona. Akaniambia wazi kwamba haifanyi kazi leo wala kesho, ni wiki mbili hadi sita. Mwanzoni kichefuchefu kinaweza kuja, hata wasiwasi kuongezeka. Na nikipata nafuu nisiache ghafla, tutapunguza pamoja. Akaandika tarehe ya kurudi. Mwangalieni daktari kwa maswali anayouliza kabla hajashika kalamu.

Fundi, Mwanza
Mimi dawa sikupewa kabisa. Shida yangu ilikuwa daladala ikijaa tu, pumzi inakata, nashuka njiani. Hospitali ya Bugando daktari alinisikiliza akanielekeza kwa mwanasaikolojia. Huyu haandiki dawa, tiba yake ni mazungumzo, lakini siyo soga. Alinipa kazi ya nyumbani: kaunta buku, kurasa nimezigawa safu tatu. Kilichotokea, nilichowaza, mwili ulivyofanya. Kisha tukaanza na daladala tupu, kituo kimoja, nishuke. Baadaye viwili. Baadaye saa ya jioni, watu wamebanana mlangoni, naye kanifundisha nisikimbie hofu ikija, niiache ipande mpaka ishuke yenyewe. Sasa naenda kazini bila kusindikizwa.

Wa Eastlands, Nairobi
Huku Kenya washauri na wanasaikolojia wana sheria yao tangu 2014, kwa hivyo usione haya kuuliza mtu kama amesajiliwa na alisomea wapi. Wa kwanza niliyemwendea alizungumzia ndoa yake kuliko shida yangu, nikahama. Tena nilikuwa naficha kwamba niliwahi kujaribu kujiua, nikihofia polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, kilichofanya jaribio hilo kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Nikamweleza daktari wangu yote, na matibabu yakabadilika.

Bint Saidi, Tanga
Kwetu tulianza na kisomo, na sijutii, mama alipata utulivu. Shekhe mwenyewe ndiye aliyesema hospitali nayo twende. Akitokea wa kuwaambia mtupe vidonge mbaki na dua tu, huyo muondokeeni.

Muuguzi, Dodoma
Nimekaa wodi za afya ya akili muda mrefu. Watu wanaogopa jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya huku Dodoma, wanadhani kila anayeingia analazwa. Wenye sonona wengi wanakuja kliniki na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kwa huyo mdogo wako, kwa kuwa halali na kuoga ni shida, aanze kwa daktari bingwa. Mwanasaikolojia afuate, wafanye kazi pamoja. Mkiwa mbali na bingwa, anzieni hospitali ya wilaya mpewe rufaa. Dawa atunze mtu mwingine wa nyumbani, na sumu ya panya iondoke ndani kabisa. Akisema anataka kufa, msingoje tarehe ya kliniki. Mpelekeni idara ya dharura usiku huo huo, na asiachwe peke yake.

Mleta mada
Asanteni sana, Mungu awalipe. Nimemsomea yote, kakubali twende Jumatatu. Anaomba kitu kimoja: aongee na daktari mwanamke, na mimi nibaki nje. Mama Pacha, hilo mtu anaruhusiwa kuomba pale mapokezi?

Mama Pacha, Temeke
Anaruhusiwa. Mimi niliomba. Daktari alimwita wifi mwishoni tu, baada ya kuniuliza kama naridhia.