Nikituma mchango wa msiba kwa simu, mtaani bado nahesabiwa?

Mwana wa Makorora
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimezaliwa na kulelewa Makorora, hapo Tanga mjini, na sasa kazi imeniweka Dodoma. Habari za mtaani zinanifikia zote kupitia kundi la WhatsApp: nani kafiwa, nani anaoza, bomba la wapi limepasuka. Ukitokea msiba, mchango wangu hufika kwa M-Pesa kabla hata maiti haijasaliwa. Hata hivyo, nilipokwenda nyumbani kwa ajili ya Idi, vijana waliokaa barazani waliitikia salamu yangu kwa adabu ile anayopewa mgeni, na mmoja akaniuliza natafuta nyumba ya nani. Je, anayeshiriki kila jambo kwa simu bado ni mtu wa mtaa, au amebaki mchangiaji tu?

Mshika Daftari
Waalaykum salaam, kaka. Mimi ndiye ninayeandika michango mtaani kwetu Ngamiani. Kabla M-Pesa haijaingia nchini mwaka 2008, mchango wa aliye mbali ulikuja na bahasha mkononi mwa kondakta wa basi au jamaa anayesafiri, naye aliyeileta alikuwa na la kueleza: fulani anawasalimu, mkewe amejifungua, ruhusa ameikosa. Siku hizi ujumbe huniletea kiasi na majina yaliyosajiliwa kwenye laini, kwa herufi kubwa, ilhali sisi tunakujua kwa jina ulilobandikwa uwanjani ukicheza mpira. Usiku wa msiba nakaa na shoga yangu tukiyasoma moja moja na kuulizana huyu ni mtoto wa nani. Anayetuma kwa laini ya mkewe ndiye anayetutesa zaidi, kwani fedha imefika na mwenyewe hajulikani.

Kwa hiyo nawasihi walio mbali: ukishatuma, mpigie mfiwa asikie sauti yako. Wala usidhani walio karibu ni malaika. Wapo wanaokaa nyumba ya tatu, wakaliona tangazo, wakaweka kundini kile kipicha cha viganja viwili, na wasitokee hata siku ya khitma.

Mpangaji wa Pongwe
Mimi yangu ni kinyume, kwa kuwa nilihamia Tanga nikitokea Kigoma. Wenyeji hupenda kujisifu kwamba mji wao ni wa "waja leo warudi leo", lakini mwaka wangu wa kwanza nilikuwa mpangaji tu, na kwa vile watu huku huzika upesi, habari za misiba nilizipata watu wakishatoka makaburini. Nilipoingizwa kundini nikaanza kuwahi, na nilipowahi nikapewa jembe. Kundi lilinipa saa ya kufika. Kujulikana kulitokana na lile jembe. Ndugu yangu wa Makorora, vijana hao huenda walikuwa wadogo ulipoondoka, hivyo usiwalaumu. Ukija tena, usijifungie ndani na mama. Kaa nao barazani mpaka isha, na mzee mmoja akutaje ukoo wako mbele yao.

Ila hilo la kumpigia mfiwa, dada, sikubaliani nalo. Siku ya mazishi simu yake hushikwa na mpwa asiyekujua, na adhuhuri haifiki kabla chaji haijaisha. Mpigie matanga yakishaondolewa, wakati ambapo kundi zima limehamia kwenye habari za harusi.